Mlima Unaoshukwa

Nilipokuwa darasa la nne mjini Mpanda, mwalimu alituambia tuchore mlima wa karibu na kwetu. Darasa zima tulichora pembetatu, tukazivika theluji. Hakuna aliyekuwa ameuona Kilimanjaro kwa macho, lakini ulikuwa kwenye kitabu cha jiografia na kwenye kalenda za ukutani, nasi tukajua kwamba mlima ni kitu cha namna hiyo: kinasimama peke yake, kinangoja kutazamwa. Mwenzetu mmoja tu, mtoto wa dereva wa lori, alivuta mstari ulionyooka kutoka kushoto mwa karatasi hadi katikati, akauangusha wima, kisha akaunyoosha tena mpaka mwisho. Alipata sifuri. Kwa kalamu nyekundu mwalimu aliandika: "Mlima uko wapi?"

Simlaumu mwalimu. Alikuwa mgeni, na pembetatu ni rahisi kusahihisha. Lakini kila nikipita barabara ya Sumbawanga namkumbuka yule mwenzetu, maana darasa zima ni yeye aliyechora kwetu, Katavi. Wakati wa likizo baba yake alikuwa akimpakia kwenye lori.

Ukitoka Sumbawanga kuja huku, unasafiri juu ya nyanda za Ufipa muda mrefu bila kuhisi kwamba uko mlimani. Upepo una baridi, mashamba ya mahindi na alizeti yanakwenda hadi macho yachoke, ng'ombe wamesimama kwenye nyasi fupi. Ardhi ile iko juu sana, na vilele vya Mbizi, upande wa Sumbawanga, vinapita mita 2,000. Hakuna kinachokujulisha, kwa sababu hujapanda kitu. Halafu, ukishapita Kizi, nchi inakatika. Mbele yako hakuna ardhi tena, kuna hewa, na chini kabisa msitu wa rangi ya majivu. Huo ndio Lyamba lya Mfipa, ukingo ambao wenyeji wameupa jina la Mfipa kwa sababu juu yake ndiko anakoanzia.

Kabla ya lami mteremko ule ulikuwa na adabu zake. Niliushuka mara ya kwanza usiku, nimekaa juu ya magunia ya maharage. Dereva alizima redio. Aliingiza gia ndogo, akaiacha injini ilishike gari, na utingo akaruka chini kwenda kando ya gurudumu la nyuma, kipande cha gogo begani, tayari kukitupa chini ya tairi. Hakuna aliyezungumza. Kwanza koti lilianza kuwa zito mwilini. Kisha masikio yakaziba, ukimeza mate yanazibuka kwa mlio mdogo kama wa ganda la karanga. Kisha ikaja harufu ya breki, na tulipofika chini harufu ya bonde lenyewe: vumbi, nyasi zilizoungua, kinyesi cha wanyama wa porini. Tulipofika Kibaoni, nyumbani kwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu toka 2008 hadi 2015, utingo alilitupa gogo ndani ya bodi, akasema: "Tayari, mlima umekwisha." Mlima wenyewe tulikuwa tumeuanzia mwisho.

Kwa watu wa huku, basi, mlima ni kitu unachokishuka. Mfipa akisema anakwenda bondeni, anajua mkewe atamwekea nguo nyepesi na chandarua. Mtu wa bonde akisema anapanda Ufipa, ataazima sweta. Sikumbuki kusikia mtu wa Mpanda akisema "naenda mlimani" kama anavyosema mtu wa Moshi au Lushoto. Milima yetu ni kingo. Ukisimama katikati ya mbuga ya Katisunga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, utaona mstari wa bluu upande wa magharibi na mstari mwingine upande wa mashariki. Wa magharibi ni Lyamba, wa mashariki ni genge la Mlele. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa 1998 hadi kilomita za mraba 4,471, na imelala katikati ya kingo hizo mbili kama nafaka ndani ya ungo. Nyati na tembo wanaosifiwa na wageni wako kwenye sakafu. Kuta ndizo zinazowawekea maji.

Hata pepo wa nchi hii hakukaa kileleni. Katabi, ambaye jina lake limekuwa jina la ziwa, la hifadhi, na tangu 2012 la mkoa mzima, wanasema makazi yake ni ndani ya mkwaju, karibu na maji ya Ziwa Katavi. Watu wamekuwa wakipeleka sadaka zao pale, chini ya mti. Kwingineko mizimu hupandiwa milima. Wa kwetu anafuatwa tambarare, na njia ya kwenda kwake ni ya kushuka.

Kuna neno moja kuhusu milima hii ambalo limesafiri kuliko sisi wote. Wanajiolojia wa dunia wana mkanda wa miamba wanaouita kwa jina la Ubende, nchi ya Wabende, watu wa hapa Mpanda na milima inayotelemka Ziwa Tanganyika. Mwanafunzi wa Kanada au wa Japani anaweza kuandika tasnifu nzima akilitaja jina hilo kila ukurasa, asijue kwamba ni jina la watu wenye ngoma na matambiko yao na wajukuu wanaosoma sekondari za kata. Miamba hiyo ina umri wa karibu miaka bilioni 2. Ukiilinganisha nayo, Kilimanjaro, ambao haujafikisha hata miaka milioni 3, ni kitoto kilichovishwa kofia nyeupe.

Zamani hizo palikuwa na milima kwelikweli. Pande za ardhi zilisukumana kwenye ukingo wa mwamba mkongwe unaobeba katikati ya Tanzania, zikakunjana, zikainuka. Mvua na jua vikaila milima ile hadi ikabaki mizizi. Kisha, mamilioni ya miaka baadaye, Afrika ya Mashariki ilipoanza kuchanika, haikuchanika popote. Ilichanika palepale penye mshono wa zamani, kama gauni linavyoachia kwenye ushonaji na si katikati ya kitambaa. Upande mmoja ukazama, ukawa Bonde la Rukwa. Upande wa magharibi zaidi ukazama mno, likawa Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Tunachokiita mlima hapa Katavi mara nyingi ni kilichokataa kuzama.

Hata Mahale, milima yenye vilele vya kuridhisha mwalimu yeyote, ina siri hiyohiyo. Ramani za utawala zinaiweka Mkoa wa Kigoma, nasi hatugombani, ingawa mgongo wake unaendelea hadi kwetu, Ntakata na Mwese, na sokwe wanaupita bila kuulizwa. Kilele chake, Nkungwe, kina mita 2,462. Maji ya ziwa yako kwenye mita 773 hivi. Ukihesabu kutoka kileleni hadi kule ziwa linakozama kuliko kote, unapata zaidi ya mita 3,100. Mtafiti wa Kijapani anayefuatilia sokwe pale, kazi iliyoanza mwaka 1965, anapanda nusu ya mlima tu. Nusu nyingine wameachiwa samaki.

Na mshono haujapoa. Tarehe 13 Desemba 1910 uliachia upande wa Rukwa kwa tetemeko la ukubwa wa 7.4, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne ile. Tarehe 5 Desemba 2005 uliachia chini ya Ziwa Tanganyika, 6.8. Hilo nalikumbuka mwenyewe: Jumatatu, saa tisa alasiri imepita kidogo. Mabati ya paa yalianza kuimba kabla miguu haijahisi kitu. Jirani yangu, mama mtu mzima, alitoka nje na sufuria ya ubwabwa mkononi, akaiweka chini taratibu, akaketi kando yake, akaishika kwa mikono miwili mpaka kukatulia. Mwaka 2016 watafiti wakatangaza kwamba bonde la Rukwa lina heliamu nyingi, gesi ile ya mashine za hospitali na ya baluni, ambayo miamba hii mikongwe imekuwa ikiitengeneza kidogokidogo tangu izaliwe. Mjini tulilipokea jambo hilo kwa utani. Tulishazoea kuambiwa kwamba tumekalia mali.

Mpanda yenyewe ilikua mji kwa sababu ya risasi. Kiswahili kina neno moja kwa madini hayo na kwa kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki, na hapa yote mawili yana historia, ila nasema la madini. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakoloni walijenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi za pori la miombo, ili kuchukua risasi ya mgodi wa Mukwamba. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 mgodi ulishafungwa. Reli ikabaki, haina kilichoiita. Kigoma wanajisifu kuwa mwisho wa reli. Sisi nasi ni mwisho wa reli, ila yetu haikupata sifa. Imebeba mahindi, asali, wanafunzi wenye masanduku ya bati, wagonjwa wa kwenda Tabora. Na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Dirifu na Ibindi bado wanaingia ardhini kwa kamba na tochi ya kichwani, wakifuata mshipa kwenye jiwe jeupe. Wanauita "mwamba", bila nyongeza. Nilimwuliza kijana mmoja mwamba unaelekea wapi. Akanielekeza kwa kidole, chini.

Kuna waliokuja huku wakiwa na mlima tayari mioyoni. Makazi ya Katumba yalifunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi waliotoroka mauaji ya 1972, na ya Mishamo yakafuata mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa Mrundi, umusozi, yaani kilima, ni anwani. Ndiko ulikozaliwa, ndiko baba yako alikozikwa, na hata serikali ya kwao inakuhesabu kwa kilima chako. Watu hao walishushwa kwenye malori katikati ya miombo, wakapewa viwanja kando ya barabara zilizonyooka kama rula. Mzee mmoja wa Katumba, raia wa Tanzania sasa kama wenzake zaidi ya 160,000 waliopewa uraia, alinisimulia kwamba miaka miwili ya kwanza alikuwa akipotea akienda kuchota maji. Hakukuwa na cha kukitazama juu ili kujua yuko wapi. "Mwanangu, kwetu ukipotea unapanda, unatazama. Hapa nipande nini? Nilipanda kichuguu." Alicheka, nami nikacheka, kisha akanyamaza kidogo. Wanyarwanda waliokuja kabla yao, miaka ya 1960, waliwekwa Mwese, kwenye nyanda za juu zenye ukungu. Sijui kama aliyepanga hivyo alifikiri au ilitokea tu, lakini ilikuwa hisani.

Nikiwa Inyonga nilifuatana na babu mmoja mrina asali hadi karibu na genge la Mlele. Nilitaka anioneshe mahali pa juu kabisa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa.

"Pa juu pana nini, mjukuu wangu?"

"Nataka tu kupaona, babu."

"Nyuki hawanywi kilele."

Akaendelea na safari yake, nami nyuma. Alichokuwa akikifuata ni maji. Kila bubujiko lililotoka chini ya genge lilikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na mizinga yake, hii ya marehemu kaka yake, ile aliyotundika mwaka wa mvua nyingi. Alifika kwenye mti mmoja wa mtundu, akaupanda kwa kamba pasipo haraka, akaugonga mzinga wa gome kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akagonga tena mahali pengine. "Wameshajaza hadi hapa," alisema, akiweka kiganja katikati ya mzinga. Asipofungua hajui rangi ya asali, aliniambia, lakini uzito anausikia. Genge lilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, na tuligeuka bila kulifikia.

Siku hizi mlima wetu umepata kazi mpya. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, Mwese ukiwamo, vinalipwa kwa kutoukata msitu wa milima ya Ntakata. Wazungumzaji wa mikutanoni wanaiita biashara ya hewa ya ukaa. Fedha zimejenga madarasa na zahanati, jambo ambalo dhahabu haikulifanya pale. Nakiri kwamba biashara hiyo bado siielewi vizuri, na waliojaribu kunieleza nao walikuwa na haraka. Ila nimependa kusikia mwenyekiti wa kijiji akisema mbele ya watu, kwa uso mkavu kabisa, "Mlima umetulipa," kwa sauti ileile anayotumia kusema kwamba mnunuzi wa mahindi amelipa.

Huko Mwese ndiko mvua inakogawanyika. Matone mawili yanaweza kuanguka kwenye bati la nyumba moja. La upande wa huku linaelekea Ziwa Tanganyika, ama moja kwa moja ama kwa mzunguko mrefu wa Ugalla na Malagarasi, kisha linatoka kwa Mto Lukuga, linaingia Kongo, linaikuta Atlantiki. La upande wa pili linaingia Mto Katuma, linapita mashambani na hifadhini, linafika Ziwa Rukwa, na hapo safari imekwisha, maana Rukwa haina mlango. Maji yake yanaondoka kwa kwenda juu tu, yanaacha chumvi.

Haikuwa hivyo siku zote. Kuna nyakati za kale Rukwa ilijaa hadi mita nyingi juu ya ilivyo leo, ikapata upenyo kwenye kingo karibu na Karema, ikamwagikia Tanganyika. Upenyo upo hadi leo, ila Rukwa haiufikii tena. Karema ni mahali ambapo maji hayajawahi kumwonea haya mtu. Wabelgiji walijenga ngome yao pale mwaka 1879, karibu na ziwa, wakati maji yamejaa kuliko kawaida. Lukuga, upande wa pili wa ziwa, ulikuwa umeziba kwa miaka mingi kwa tope na magugu. Ndiyo kwanza ulikuwa umezibuka. Ziwa likaanza kushuka mwaka hadi mwaka, hadi ngome ikajikuta imebaki nchi kavu, inalinda mchanga. Mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, nao walikuwa na shughuli isiyohitaji bandari kwa haraka. Bandari imekuja juzijuzi, katika miaka hii.

Lakini mto ninaoujua mimi ni Katuma. Unashuka toka milima ya kaskazini-magharibi, unapita mashamba ya mpunga ya Mwamkulu na Kakese, ndipo uingie hifadhini chini ya daraja la Sitalike. Wakulima waliuwekea mabanio, maji yakageuzwa kwenda majarubani, na kiangazi mto ukawa unafika Sitalike umechoka au haufiki kabisa. Mamlaka zikayavunja mabanio, yakajengwa tena, yakavunjwa. Nimekula mchele wa Kakese maisha yangu yote, na ni mtamu, kwa hiyo sina uso wa kumhukumu mtu.

Mwaka mmoja, katikati ya Novemba, gari letu liliharibika Sitalike nikalala pale. Chini ya daraja viboko walikuwa wamejazana kwenye tope, zaidi ya mia kwa makadirio yangu, migongo imepasuka kwa jua, hawageuki, wanapumua tu. Anga juu yetu lilikuwa safi. Kaskazini-magharibi, mbali sana, kulikuwa na weusi.

"Mwese wamepata," alisema mama muuza karanga.

"Itafika huku lini, mama?"

"Wewe lala."

Alfajiri watoto ndio waliotuamsha. Tulikimbilia darajani na mikanda haijafungwa. Maji hayakuja kwa kishindo kama nilivyodhani. Ulikuja ulimi mwembamba wa kahawia, unasukuma povu mbele yake, unasimama kwenye kila shimo mpaka lijae, unaendelea. Ulibeba majani ya miombo, vijiti, manyoya ya ndege. Kiboko wa kwanza aliguswa ubavuni, akafungua jicho moja. Mama wa karanga aliniambia nitazame pale kwenye povu. Ilikuwa inakuja ndala ya bluu, ya mguu wa kushoto, ya mtoto, inazunguka taratibu na kamba yake nzima.